Mwalimu Alipomkataa Mama

Mama yangu alitaka kuwa Myahudi. Nalisema hivi hivi, wazi, maana nimechoka kulizungusha. Hapa Frere Town ukitamka jambo kama hilo watu hudhani ni mzaha, na mimi kwa haya zangu nimelikwepa hata mbele ya wenzangu wa shule, wanaonijua kwa ukimya tu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka, akalikosa. Na namna alivyolikosa ndiyo inayoniuma.

Sisi si watu wasio na dini. Wazee wa mama wamezikwa kwenye makaburi ya misheni, yeye mwenyewe alibatizwa papa hapa, akaolewa papa hapa. Baba alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi, nanywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali. Alianguka kazini bandarini asubuhi, na kabla ya adhuhuri tukaletewa habari. Watu walijaa kwetu kutupa pole, na kila aliyeingia alimwambia mama maneno yale yale: usiulize, Mungu ana mipango yake. Basi mama akawa haulizi. Alirudi kwenye cherehani yake, akashona sare za shule na mapazia, wala hakuuliza kitu. Mie nilikuwa namtazama mgongo wake tu.

Mapazia ndiyo yaliyomfikisha kwa bibi mmoja mzungu. Nyumba yake ilikuwa upande wa kuelekea Nyali, nyumba kubwa ya kizamani yenye baraza pana na bati lililopakwa rangi nyekundu. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo ya meli, na yeye aliletwa Kenya angali msichana, wazazi wake wakikimbia vita huko kwao. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa zamani, kisicho na kichwa wala miguu, lakini alikisema kwa kasi na bila aibu yoyote. Niliona wivu. Mimi najua Kiswahili sanifu chote na sisemi. Yeye hajui hata "mkate" ni ngeli gani na hanyamazi.

Bibi huyo alikuwa Myahudi. Kila sikukuu yao ilipofika alifungua nyumba yake kwa Wayahudi wachache waliotawanyika pwani nzima: wenye kazi za hoteli, wahandisi wa mikataba, mara nyingine baharia ambaye meli yake imetia nanga siku hiyo. Na kila Jumatano alasiri aliweka viti barazani kwa mtu yeyote aliyetaka kujifunza, awe nani. Mama hakuyajua hayo. Yeye alikwenda kupima madirisha.

Siku tulipopeleka mapazia, mama na mimi, tulimkuta bibi ameshika kichwa. Pasaka yao ilikuwa inaingia jioni ile, na sanduku la mkate usiotiwa hamira, ambalo huletwa kutoka Nairobi kwa gari moshi, halikufika. Bibi akamweleza mama mkate wenyewe: unga na maji tu, mikono iende mbio, uwahi motoni kabla unga haujapata nafasi ya kuumuka. Mama akasema hilo si tatizo, hizo si chapati tu. Nikatumwa nyumbani kuleta ubao na kifimbo cha kusukumia, na niliporudi mama alikuwa ameshafunga leso kiunoni.

Zile za kwanza zilitoka nzuri mno. Bibi akachukua moja, akaikunja, ikakunjika. Akainusa. Mama alikuwa ametia samli na chumvi.

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la makaa. "Mama, hii mkate ya shida! Watu nakimbia Farao, samli natoa wapi?"

"Hata kama wanakimbia, bibi," mama akajibu, "wageni utawapa chapati kavu?"

Nilikuwa sijamsikia mama akimjibu mtu kwa mzaha tangu baba afe. Wakaanza upya, bila samli, bila chumvi, mama akilalamika chini kwa chini kwamba atapata sifa mbaya. Majani machungu pia hayakuwepo, yakawa mazungumzo marefu, mwishowe mama akanituma sokoni Kongowea kununua mchunga. Bibi alipouonja alifumba macho, akasema huu ndio uchungu hasa, miaka yote amekuwa akiwalisha wageni uchungu wa uongo.

Tulidhani tumemaliza, tunaondoka. Bibi akasema hatutoki, usiku wa leo hafukuzwi mtu mwenye njaa wala mtu asiye na njaa. Tukakaa mwisho wa meza.

Sasa hapo pana desturi yao. Mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu haufanani na nyingine, na wakubwa ndio wanaopaswa kujibu. Asipouliza, chakula hakiendi. Mdogo mezani pale nilikuwa mimi. Nyuso zote zikanigeukia, zikitabasamu, na mimi nikahisi masikio yananiwaka. Nilitazama sahani. Bibi akasema hakuna taabu, kama mtoto hawezi basi mkubwa aulize, maana lazima swali liulizwe.

Mama akauliza. Aliuliza lile swali kama alivyoelezwa, kisha hakukoma. Akauliza kwa nini Mungu aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu halafu akamwadhibu kwa ugumu huo. Akauliza watoto wa Misri walikosa nini. Nikamvuta nguo chini ya meza. Nilidhani sasa tutaambiwa twende zetu. Badala yake mzee mmoja wa hoteli akasogeza kiti, akasema swali hilo babu yake alikuwa akililia, na mwingine akampinga, na mwingine akampinga huyo, na mama katikati yao na leso yake yenye unga, anawageukia mmoja baada ya mwingine.

Tulirudishwa nyumbani kwa gari la mmoja wa wageni. Mama alingoja mpaka tumeingia ndani na kufunga mlango. Ndipo akaniambia, taratibu, "Umeona? Hawakuniambia nisiulize."

Kuanzia hapo tukawa watu wa Jumatano. Wanafunzi wa kweli walikuwa wachache: mama, mimi, na karani mmoja wa bandarini aliyekaa Changamwe, mtu wa kutoka bara, mrefu, mwenye sauti. Huyo karani alikuwa mbishi sijapata kuona. Bibi akisema jambo, yeye anataka limeandikwa wapi. Akionyeshwa limeandikwa wapi, anataka kujua kwa nini liliandikwa. Mama alikuwa akinong'ona njiani kwamba watu wa bara hawakufundishwa kunyamaza mbele ya mtu mzima. Yeye alikuwa na maswali zaidi ya karani, lakini aliyatoa kwa ruhusa, kwanza anasema "samahani bibi", kisha anangoja atazamwe.

Mimi nilipenda herufi zao. Zinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama zile walizokuwa wakiandika watoto wa jirani kwenye chuo cha Kurani, ambazo nilizionea wivu tangu utotoni. Hakuna aliyenilazimisha kusema. Nilichora herufi zangu, nikazisikiliza sauti za mama na bibi na karani zikipandiana, na nadhani hiyo ndiyo saa niliyokuwa na raha kuliko zote katika juma. Nyumbani mama akaanza kuifunika cherehani siku ya Jumamosi. Ijumaa jioni tulipika mapema, na kesho yake tulikaa tu, tukila vilivyopoa.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Likoni, aliyeolewa upande huu akaja na ulimi wake wote. Mimi namwita mamdogo. Aliposikia kimya cha Jumamosi akaja kusimama mlangoni na sinia lake la mchele.

"Shoga, cherehani yaumwa?"

Mama akamweleza. Mamdogo akasikiliza, akichagua mchele, akitupa mawe uani.

"Haya, nimekufahamu. Lakini mie nina neno moja. Ukitaka kuhama dini, mbona wapita mlango wangu u wazi wenda kubisha wa mbali? Wallahi ungesilimu hapa hapa, na biriani ungekula."

"Nguruwe nishaacha," mama akasema. "Nusu ya njia yako nishafika."

"Nusu ya njia si kufika, shoga." Wakacheka wote wawili. Hawakuwahi kugombana kwa hilo. Waliogombana na mama walikuwa wa kanisani kwetu, na wao hawakugombana kwa maneno. Waliacha tu kuleta nguo zao kushonwa.

Ilipokaribia sikukuu yao ya vibanda, mama akamwambia bibi kwamba hataki kuwa mgeni tena. Anataka kuingia. Bibi hakumjibu ndiyo wala la. Alisema yeye hana uwezo huo, mwenye uwezo ni mwalimu wao wa dini wa Nairobi, ambaye atashuka pwani kwa sikukuu hiyo, na mama atamweleza mwenyewe kwa kinywa chake. Mwalimu akimkubali, ndipo mafundisho yenyewe yataanza, na si ya mwaka mmoja. Karani naye alikuwa na haja hiyo hiyo. Mama akajishonea gauni jipya, la kijivu, lenye mikono mirefu. Alilijaribu mara nyingi, na kila mara aliniuliza kama linampendeza au linajionyesha.

Kibanda, cha kulia chakula siku zote za sikukuu, kilijengwa nyuma ya nyumba ya bibi. Makuti tulipata kwa nduguye mamdogo, na mamdogo mwenyewe akaja kuangalia kazi. Sheria yao ni kwamba paa la kibanda liwe jepesi, ukikaa ndani uzione nyota. Mamdogo alitazama ile mianya, akatikisa kichwa, akasema kwa huzuni ya kweli, "Fundi kawaibia." Alipoelezwa kwamba imekusudiwa, akamtazama mama kama mtu aliyerogwa. Akatabiri mvua, na mvua ikaja, siku ya kwanza ya sikukuu, ikatunyeshea juu ya supu. Bibi alishangilia.

Mwalimu alikuwa mtu mzima, mfupi, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, na Kiswahili chake kilinyooka kwa sababu alizaliwa Nakuru. Alitusalimia kila mmoja. Mimi nilimpa shikamoo yangu kwa sauti ya panya, akaipokea kwa uzito kama amepewa zawadi. Siku ya tatu, wageni walipopungua, bibi akamwambia kuna watu wana shauri naye. Karani aliitwa kwanza. Hatukusikia walichosemezana, lakini tulimwona akitoka amekunja uso, akapita bila kuaga, akashika njia ya stendi. Kisha akaitwa mama, na mama akanishika mkono, kwa hiyo nilikuwepo.

Mwalimu alimwambia aketi. Akamuuliza, "Mama, kwa nini unalitaka jambo hili?"

Mama alikuwa amejiandaa juma zima. Nilimsikia akijisemea peke yake jikoni. Lakini yote aliyoyapanga yalimpotea, akabaki na moja. "Kwa sababu kwenu mtu anaruhusiwa kuuliza, mwalimu."

Matone ya mvua ya asubuhi yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye makuti. Mwalimu akasema, kwa upole sana, "Mama, rudi nyumbani. Mungu hakudai zaidi ya ulicho nacho. Ukiwa mtu mwema tu, inakutosha. Sisi tumebeba mzigo huu kwa sababu tumezaliwa nao. Wewe hujalazimishwa. Rudi kwa watu wako."

Nilidhani mama atauliza. Hata mimi, mimi ninayeogopa kuinua mkono darasani, nilikuwa na swali mdomoni: kwa nini? Neno moja tu. Lakini mama aliinamisha kichwa.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Nimesikia."

Akainuka. Akakusanya vikombe vilivyokuwa mezani, akaenda navyo jikoni, akaviosha, akavifuta, akavipanga. Mwalimu alimfuata kwa macho njia yote mpaka mlango wa jikoni, kama mtu ambaye bado anangoja kuambiwa jambo. Mimi nilidhani anamhurumia.

Njiani mama alitembea mbele. Tulipofika barabara kubwa ya Kisauni alinisubiri, tukavuka pamoja. "Amenieleza vizuri," alisema. "Hakunidharau." Alilirudia hilo tena tulipofika uani kwetu, nadhani akijiambia mwenyewe. Gauni la kijivu alilivua, akalikunja, na usiku ule alilala mapema.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu mtu wa kwingine anaweza kumwona mama kama mtu mwepesi wa kukata tamaa, na hakuwa hivyo. Kwetu, mtu mzima akikukatalia kwa upole namna ile, amekustahi. Amekutafutia maneno mazuri ili usiaibike. Ukimrudia, unamlazimisha alitamke tena lile lililomuuma kulitamka, na wewe unajifanya hukuielewa heshima uliyopewa. Mtu aliyelelewa vizuri anashukuru, anaondoka, na akihitajika ataitwa. Mama alilelewa vizuri.

Kwa hiyo akangoja kuitwa. Hakusema anangoja. Lakini Jumatano zilizofuata alimaliza kazi mapema, akaoga, akachana nywele, akaketi karibu na mlango na kazi ndogo ya mkono, pindo au kifungo, uso ukielekea njiani. Aliyekuja alikuwa bawabu wa bibi, ameleta sketi za kupunguzwa kiuno. "Bibi akusalimu sana," akasema. Mama akasema naye msalimu sana. Alizipunguza zile sketi, nikazirudisha mimi, nikampa bawabu getini. Akatuletea nyingine, na salamu nyingine. Mama akaanza kusema, "Basi, wananitaka kwa sindano," na baada ya hapo akaacha kuketi mlangoni.

Mamdogo alipojua, hakucheka. Alikuja na bakuli la viazi vya nazi, akaketi mkekani. "Wamekukataa? Watu wa dini gani wakatazao mtu?" Mama akasema hawakumkataza, walimweleza. Mamdogo akamwambia, "Shoga, maelezo hayo nishayasikia. Mume wangu wa kwanza alinieleza hivyo hivyo." Mama akacheka kwa shida, kisha akalia, na mamdogo akanitoa nje nikachote maji ambayo hatukuyahitaji.

Kabla ya Krismasi mama alirudi kanisani. Wazee wa kanisa walimpokea, lakini kwa utaratibu wao: asimame mbele ya watu wote, aseme alipotea na sasa amerudi. Alisimama. Nilikuwa benchi la tatu, nikitazama viatu vyangu. Sauti yake ilikuwa ndogo na haikutetemeka. Kina mama wakamkumbatia, wakampigia vigelegele, na juma lile lile nguo zikaanza kurudi kwenye cherehani. Mambo yakawa kama zamani, yaani akawa haulizi.

Shule ilipofunguliwa mwaka mpya nikaingia kidato cha tatu. Siku moja, mwezi wa pili, mama akanituma kwa bibi na mito aliyoishona. Bawabu hakuwepo getini, nikaingia hadi barazani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu sikukuu ya vibanda. Kulikuwa na makasha kila mahali. Mapazia ya mama yalikuwa yameshushwa na kukunjwa. Bibi alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga sahani kwenye magazeti, na aliponiona alijaribu kusimama upesi akashindwa, nikamsaidia.

Aliniambia anahama, anakwenda kuishi kwa bintiye ng'ambo, magoti yamekataa. Kisha akanishika mkono asiuachie.

"Toto, mama yako mgonjwa?"

"La, bibi. Ni mzima."

"Basi kwa nini hapana rudi?"

Nilimjibu kwamba mwalimu alimkataa. Bibi akanitazama kama aliyesubiri sentensi iishe. Akauliza alimkataa mara ngapi. Nikasema mara moja, siku ile.

"Mara moja!" Akajikalia kwenye kasha. "Toto, mara moja si kitu. Hiyo desturi yetu, ya zamani sana. Mtu nakuja, mwalimu nafukuza. Nakuja tena, nafukuza. Mara ya tatu kama bado nataka, mwalimu nafungua mlango. Kila mtu nafukuzwa! Karani ya Changamwe nafukuzwa asubuhi, jioni narudi na hasira, nagombana na mwalimu mpaka chai napoa. Sasa yeye nasoma Nairobi."

Yeye akaendelea, na kila neno lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Kwamba mwalimu alishuka tena wakati wa sikukuu ya taa, mwezi wa kumi na mbili, na jambo la kwanza aliloliuliza ni yule mama mshonaji yuko wapi. Kwamba alimngoja siku zote alizokaa. Kwamba mwisho bibi alimwambia labda mama amechoka, ana kazi nyingi, na mwalimu akasema ni hasara, kwa sababu jibu lake lilikuwa zuri.

Hapo nikauliza. Sijui sauti ilitoka wapi. "Kwa nini hamkumwambia?"

Bibi alifumba macho. Alisema ndiyo sheria yenyewe, mtu havutwi, mtu haambiwi rudi. Ukimwambia umeiharibu, hutajua tena kama alirudi kwa moyo wake au kwa kuitwa. Alichoweza ni kumtumia salamu. "Kila Jumatano mimi naweka kiti yake," akasema. "Mimi nangoja yeye. Yeye nangoja mimi?"

Nikasema ndiyo.

Nilimweleza mama jioni hiyo, yote, hata lile la jibu lake kuwa zuri. Alikuwa anashona sare. Hakuondoa mguu kwenye cherehani mpaka maelezo yangu yalipofika kwa karani. Hapo gurudumu likasimama lenyewe. Akaniuliza tu, "Mara tatu?" Nikasema mara tatu. Akaulainisha ule mshono kwa kucha, muda mrefu, mpaka kitambaa kikawa kinang'aa pale.

"Na mimi nilikuwa naogopa kumsumbua mzee wa watu," akasema.

Nikaanza kumwambia bado hatujachelewa. Mwalimu yupo Nairobi. Bibi hajaondoka, anaweza kumwandikia. Nilisema mengi kuliko ninayosema kwa mwezi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema twende tukamuage bibi kesho.

Tulikwenda. Bibi alimkumbatia mama barazani, mrefu kwa mfupi, na wote wawili wakaanza kuzungumzia mapazia: kama yataingia kwenye madirisha ya huko, kama pindo lifumuliwe. Mimi nilisimama nikisubiri mmoja wao aseme. Mwishowe bibi akasema. Alimtaka mama amwombe yeye kuingia, sasa hivi, hapo hapo; atahesabu kuwa ni mara ya pili, na barua itakwenda Nairobi kabla ya jioni.

Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wa bibi. "Bibi, nishasimama mbele ya kanisa."

"Hiyo si kitu, mama."

"Kwako si kitu. Mimi nilitamka kwa mdomo wangu, watu wote wakinisikia, kwamba nilipotea. Nikirudi tena leo, wale watu niwaambie nilipotea lini? Ile mara ya kwanza au ile ya pili?" Hakusema kwa hasira. Lilikuwa swali la kweli, kama yale ya mezani, na alimtazama bibi kana kwamba angefurahi kujibiwa.

Bibi alianza kuomba msamaha, kwa lugha yake ile iliyovunjika, akachanganya na lugha nyingine nisiyoijua, na mama akamkatiza, mara ya kwanza kumwona akimkatiza mtu mzima. "Hakuna neno, bibi," akasema. "Hakuna neno kabisa. Usafiri salama."

Tukarudi kwa njia ya ndani, kupitia Ziwa la Ng'ombe, kwa sababu mama alitaka kutembea. Palikuwa na tope, wanawake wamepanga ndoo bombani, na tulipishana nao kwa shida. Nilitaka kumwambia kwamba nasikitika, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo, na lingemlazimu anifariji yeye.

Tulipokuwa tumewapita wale wanawake akaniuliza, bila kugeuka, "Ungekuwa wewe, ungerudi?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nilifikiri kibanda kile, na mwalimu ametulia, na upole wa sauti yake, na mimi nimesimama mbele yake nimeambiwa niende nyumbani.

"Nisingerudi, mama," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akanishika kiwiko tusiteleze, tukaendelea na njia.